Fedha za Jeshi, Dawa za Raia

Kila mwaka Serikali ya Marekani hutoa matangazo ya kuwaalika wataalamu waombe fedha za utafiti wa maradhi, majeraha na viini vinavyoweza kugeuzwa silaha. Fedha hizo hutoka katika bajeti ya ulinzi na katika idara zilizopewa kazi ya kuikinga nchi hiyo na hatari ya viini vya maradhi. Mengi kati ya matangazo hayo yamefunguliwa pia kwa vyuo na hospitali za nchi za nje. Kwa hiyo mtaalamu wa Kampala, Kisumu au Mbeya anaweza kuomba kama anavyoomba mwenzake wa Boston. Wetu wameomba, na baadhi yao wamepata. Yafaa basi tujiulize, bila chuki na bila woga, fedha hizi ni za nini, zinatutaka nini, na sisi tuzipokee kwa namna gani.

Wako wananchi watakaoshangaa kusikia kwamba jeshi, ambalo kazi yake ni vita, hujishughulisha na uponyaji. Walakini historia ya tiba katika nchi za joto imeandikwa kwa sehemu kubwa na madaktari waliovaa sare. Aliyeviona kwanza vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa, mwaka 1880 huko Algeria, alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran. Aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea hivyo hukua ndani ya mbu alikuwa Ronald Ross, mtumishi wa idara ya tiba ya Uingereza nchini India. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alisema tangu mwaka 1881 kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Lakini maneno yake hayakusadikiwa mpaka tume ya jeshi la Marekani, chini ya Walter Reed, ilipoyathibitisha mwaka 1900.

Hapa kwetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Ugonjwa wa malale ulipoingia katika pwani na visiwa vya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita, uliua watu zaidi ya 200,000, ukaacha vijiji vitupu. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alifanya kazi Entebbe na kuonyesha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Ujuzi huo ni hazina ya wanadamu wote, nasi hatuukatai. Bali tusisahau kwamba wataalamu hao walitumwa na dola zilizotaka kwanza kulinda askari na watawala wao.

Ushahidi wa jambo hilo uko katika majina ya mitaa yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika wengi mno wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo vinywa vyetu vililigeuza kuwa Kariakoo, na jina hilo limebaki Dar es Salaam na Nairobi hata leo. Elimu ya tiba iliyokuwako wakati ule ingetosha kuwaokoa wengi wao, lakini haikuandaliwa kwa ajili yao. Tangu hapo tunajua kwamba utafiti humfuata anayeugharimia, na kwamba aliye nje ya hesabu ya mgharimiaji huwa nje ya hesabu ya dawa.

Marekani ndiyo iliyoendeleza njia hiyo kuliko nchi nyingine. Chuo chake cha utafiti wa tiba ya jeshi, kinachoitwa kwa jina la Walter Reed, kilianzishwa mwaka 1893. Askari wake walipougua Vietnam malaria isiyosikia dawa za zamani, jeshi lilianzisha mwaka 1963 mpango mkubwa wa kutafuta dawa mpya, na zaidi ya dawa 200,000 za kikemia zilipimwa. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni mefloquini. Tangu mwaka 1987 chuo hicho kilishirikiana na kampuni moja ya dawa katika kuiunda chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Chanjo hiyo ilijaribiwa katika nchi kadha za Afrika, pamoja na Kombewa karibu na Kisumu. Mwaka 2019 ilianza kutolewa kwa watoto wa Ghana, Kenya na Malawi, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika. Iliyoanza kama kinga ya askari wa kigeni imekuwa kinga ya mtoto wa mkulima. Hilo ni jambo jema, na asiyelisema atakuwa amedhulumu haki.

Chuo hicho hakikukaa mbali nasi. Mwaka 1969 wataalamu wake walialikwa Kenya kuchunguza malale, na baadaye wakashirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya nchi hiyo katika malaria huko Kisumu na virusi vya UKIMWI huko Kericho. Mwaka 2002 ulianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 2009 chanjo za Ebola na Marburg zilijaribiwa hapa Kampala kwa wananchi waliojitolea. Mbeya nayo imeshiriki katika utafiti wa chanjo ya UKIMWI. Haya basi si habari za ng'ambo. Yamo katika damu za watu wetu, kwa maana halisi ya neno hilo.

Tumweleze msomaji jinsi fedha hizo zinavyopatikana. Tangazo hutolewa likitaja maradhi yanayotakiwa kuchunguzwa, kiasi cha fedha na siku ya mwisho. Taasisi, wala si mtu binafsi, hujiandikisha kwanza katika daftari la Serikali ya Marekani. Kwa kawaida hupeleka maelezo mafupi, na yakipendeza hutakiwa kupeleka ombi kamili lenye mpango wa kazi na hesabu za matumizi. Ombi hilo husomwa na wataalamu wa fani hiyo, kisha hupimwa na kamati nyingine inayoangalia kama linatimiza shabaha za mpango. Utafiti ukihusu watu, idhini ya kamati ya maadili ya hapa nyumbani haitoshi. Jeshi nalo huukagua kwa kanuni zake. Chuo kisicho na ofisi ya uhasibu iliyo imara wala watu wa kusoma kanuni hizo hushindwa kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo sababu mara nyingi jina la kwanza katika ombi ni la chuo cha Marekani, na letu hufuata nyuma kama la msaidizi.

Limo katika mpango huo jambo moja linalostahili kuigwa. Mwaka 1992 wanawake wa Marekani waliougua saratani ya matiti, pamoja na jamaa zao, walilibana Bunge la nchi yao mpaka likatenga dola milioni 210 kwa utafiti wa ugonjwa huo. Kwa kuwa sheria ya bajeti ya wakati ule ilizuia fedha za ulinzi zisihamishiwe matumizi mengine, fedha hizo ziliwekwa mikononi mwa jeshi. Hivyo jeshi likajikuta likisimamia utafiti wa saratani, na baadaye wa maradhi mengine mengi ya raia. Zaidi ya hayo, wagonjwa wenyewe hukaa mezani pamoja na mabingwa wakati maombi yanapopimwa. Je, ni lini mama wa Karamoja aliyezika watoto kwa malaria aliketi mezani kuamua fedha za utafiti ziende wapi?

Tuje sasa kwenye kinga dhidi ya silaha za viini. Mwaka 2001 barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa posta nchini Marekani. Watu watano walikufa na 17 wakaugua. Hofu iliyofuata ilifungua hazina. Mwaka 2004 ilipitishwa sheria iliyotenga dola bilioni 5.6 kwa miaka kumi, kununua dawa na chanjo za kukabili viini, sumu na mionzi. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaundwa mamlaka maalumu, ijulikanayo kama BARDA, kuendeleza dawa ambazo kampuni za biashara hazikutaka kuzitengeneza kwa kuwa hazina soko.

Ebola ni mfano ulio karibu nasi kuliko wote. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulizuka Gulu. Watu 425 waliugua na 224 wakafa, miongoni mwao Dakta Matthew Lukwiya, aliyekataa kuwaacha wagonjwa wake. Wakati huo hapakuwa na chanjo wala dawa. Chanjo ya kwanza ya Ebola iliyopata kibali kamili Marekani, mwaka 2019, ilitoka katika maabara ya Serikali ya Canada, na fedha za ulinzi na za kinga ya viini za Marekani zilisaidia kuifikisha mwisho. Lakini chanjo hiyo ni ya aina ya Ebola iliyoitwa kwa jina la Zaire, wala haiwezi aina ya Sudan iliyoua watu wa Gulu. Septemba 2022 aina hiyo ya Sudan ilipozuka Mubende, miaka 22 baada ya Gulu, bado hapakuwa na chanjo yake iliyokubaliwa. Watu 142 walithibitishwa kuugua na 55 kati yao wakafa. Chanjo za majaribio ziliwasili Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Ugonjwa huo uliporudi Kampala Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza siku nne tu baada ya kutangazwa, na sehemu kubwa ya fedha za kuiandaa chanjo hiyo ilikuwa ya kinga dhidi ya silaha za viini.

Msomaji na apime habari hii kwa pande zake zote mbili. Upande mmoja, fedha zilizotengwa kwa hofu ya vita zimeleta kinga mlangoni petu. Upande wa pili, vifo vya Gulu peke yake havikutosha kuzivuta fedha hizo. Maradhi ya maskini yalipata mlipaji yalipohesabiwa kuwa silaha inayoweza kumfikia tajiri. Yasiyohesabiwa hivyo bado yangoja. Siko seli huua watoto wetu kila mwaka, na sumu ya nyoka huua wakulima shambani, lakini hakuna jeshi la mbali linaloviona vitu hivyo kuwa hatari kubwa kwa usalama wake.

Iko hatari nyingine, nayo ni nzito. Maabara inayotengeneza kinga ya kiini fulani hulazimika kukijua kiini hicho, kukikuza na kukihifadhi, na ujuzi huo huo waweza kutumiwa kuua. Huko Fort Detrick katika jimbo la Maryland, mahali ambapo leo hutolewa fedha za tiba, ndipo Marekani ilipotengeneza silaha za viini tangu mwaka 1943 hadi mwaka 1969, Rais Nixon alipozikataa. Mkataba wa dunia wa kupiga marufuku silaha hizo ulifunguliwa mwaka 1972 na kuanza nguvu mwaka 1975. Kenya ilijiunga mwaka 1976, na Tanzania ikauridhia mwaka 2019. Walakini mkataba huo hauna chombo cha kukagua maabara za nchi zilizoutia sahihi. Hata barua zile za kimeta za mwaka 2001, wapelelezi wa Marekani walitangaza mwaka 2008 kwamba mtuhumiwa wao alikuwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi lenyewe. Alikufa kabla ya kushtakiwa, na mabingwa waliopitia ushahidi wa kisayansi walisema mwaka 2011 kwamba ushahidi huo peke yake hautoshi kulikata shauri.

Afrika nayo ina jeraha lake. Utawala wa makaburu ulianzisha mwaka 1981 mpango wa siri wa jeshi ulioongozwa na daktari, Wouter Basson. Ulielezwa kuwa ni wa kinga. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikia jinsi fedha za umma zilivyotumika kutengeneza sumu za kuwaua wapinzani wa utawala huo. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wasomi wenye shahada, na vitabu vya hesabu walikuwa navyo. Hawakuwa na Bunge la kuwauliza wala gazeti la kuwafichua. Siri ndiyo iliyogeuza kinga kuwa sumu, na yaweza kuigeuza tena popote.

Wapo kwa sababu hiyo wanaosema tuzikatae fedha zote zitokazo kwenye majeshi ya kigeni. Twaiheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Mtoto aliyechanjwa malaria hasemi na mfuko uliolipia chanjo. Tukikataa leo kila utafiti wa namna hiyo, vifaa vitafungwa, vijana wetu waliofundishwa watahamia ng'ambo, na maradhi yatabaki palepale. Lakini wenzetu wengine husema tupokee chochote na tusiulize, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Nao pia twawakatalia. Asiyeuliza masharti leo atayajua kesho, akiwa hana tena la kusema.

Mwaka 2025 ulitufundisha somo ambalo halihitaji mwalimu wa pili. Januari ya mwaka huo Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na majaribio ya chanjo na dawa katika nchi kadha za Afrika yakakatika yakiwa katikati, watu wakiwa wameshajitolea miili yao. Mwaka huo huo fedha za utafiti ambazo Bunge la Marekani huziweka katika bajeti ya ulinzi, zilizokuwa karibu dola bilioni 1.5, zilishushwa hadi dola milioni 650. Marekani haikutudhulumu kwa kupunguza fedha zake, maana ni mali ya watu wake, nao wana haki ya kuzipanga watakavyo. Kosa ni letu tuliojenga nyumba juu ya kiwanja cha jirani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wala hatusemi kwamba sisi hatuwezi. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 Cuba kwa mafunzo, na 18 kati yao wakaonekana wana virusi vya UKIMWI. Habari hiyo alipewa Rais Museveni na Rais Castro, naye ameisimulia mara nyingi hadharani. Serikali haikuificha. Ilianza kampeni iliyojulikana dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, Wizara ya Ulinzi na Chuo Kikuu cha Makerere viliungana kuanzisha kituo cha pamoja cha utafiti wa tiba. Hapo ndipo mwaka 1999 lilipofanyika jaribio la kwanza la chanjo ya UKIMWI katika Afrika. Jeshi letu na raia wetu walikwisha kukaa meza moja, na matokeo yakaonekana.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kwanza, kila mkataba wa utafiti unaogharimiwa na jeshi au idara ya ulinzi ya nchi ya nje uwekwe mbele ya Bunge, ukieleza kiini kinachochunguzwa, mahali kinapohifadhiwa na anayemiliki matokeo. Pasiwe na kifungu cha siri katika utafiti unaotumia miili ya wananchi. Anayejitolea naye aelezwe kwa lugha aijuayo ni nani anayelipa.

Pili, damu na viini visitoke nchini bila hati inayotaja haki zetu. Dawa moja ya Ebola iliyopata kibali mwaka 2020 ilitokana na kingamwili za Mkongo aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa walioutegemeza utafiti huo. Ni haki basi kwamba Mkongo awe wa kwanza kuipata, wala si wa kuiomba. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliukubali Mei 2025 mkataba wa kukabili magonjwa ya mlipuko, lakini sehemu inayohusu kugawana viini na faida zake iliachwa ijadiliwe baadaye. Wajumbe wetu katika mazungumzo ya namna hiyo wasiende kupiga makofi tu.

Tatu, vyuo vyetu viwezeshwe kuwa waombaji wakuu badala ya kuwa wakusanyaji wa damu kwa niaba ya wengine. Kuajiri wahasibu na wanasheria wachache wanaozijua kanuni hizo ni gharama ndogo, na faida yake ni kubwa.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, Hazina yetu itenge fedha zake yenyewe. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya, na Umoja wa Afrika umeweka shabaha ya asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Nchi zilizotimiza ahadi hizo ni chache mno. Tukianza na kiasi kidogo kinachotolewa kila mwaka bila kukatika, mabingwa wetu watapata uwezo wa kuchagua swali la utafiti wao wenyewe. Kuchagua swali ndiko uhuru wa sayansi. Mwenye kungoja tangazo la mwingine huchunguza jambo linalomsumbua mwingine.

Taasisi ya virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Humo ndimo vilimochunguzwa virusi vya Nile Magharibi na vya Zika, vyenye majina ya wilaya yetu na msitu wetu. Majina yetu yamekwisha kujaa katika vitabu vya maradhi vya dunia. Tunataka sasa yaandikwe katika hati za dawa, na katika orodha ya walipaji. Jambo hilo halihitaji ruhusa ya nchi yoyote. Linangoja Wabunge watakaoisoma bajeti ijayo na kuuliza, mbele ya wananchi, fungu la utafiti liko ukurasa gani.